Mapafu ya Evelio

Cochabamba, 25 Septemba 2011

Baba mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linasemaje? Na kifua? Mimi sijambo, ila baridi ya milimani huku Bolivia imenipasua midomo, nikicheka natoka damu, kwa hiyo siku hizi nacheka kidogo. Mkataba wangu umebakiza mwaka na miezi michache.

Kilichonifanya niandike haraka ni hiki. Rafiki yangu Daktari Ileana, niliyesoma naye, sasa ndiye msimamizi wa chumba cha picha hospitalini Santa Clara. Wameanza kuwaita wastaafu wa viwanda vya tumbaku waliovuta miaka thelathini na zaidi, wawapige picha ya mapafu kwa ile mashine kubwa kabla hawajaumwa. Kabla, Baba. Saratani ya mapafu huja kimya kimya. Mtu akishaanza kukohoa damu, mara nyingi sisi madaktari tunabaki kumshika mkono tu. Lakini ikionekana ingali ndogo inakatwa, na mtu anarudi nyumbani kula wali na maharage.

Nimeomba jina lako liwekwe. Ni tarehe 18 Oktoba, saa mbili asubuhi. Hudungwi sindano, hulazwi, huvuliwi suruali. Dakika tano tu. Ileana atanitumia picha zako kwa kompyuta nizisome mwenyewe. Kutwa nasoma vifua vya watu nisiowajua. Niache nisome na chako.

Najua simu ya jirani yako Zoila huitaki kwa sababu mtaa mzima unasikiliza. Basi niandikie, umpe Rolando, yule mwenzangu wa kazi anayetubebea barua kwenda na kurudi, anarudi huku mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja. Nisalimie baba yangu wa ubatizo, Mzee Evelio, na Mama Nieves wake.

Mwanao,
Odalys


Camajuaní, 30 Oktoba 2011

Kwa mwanangu Odalys, daktari wa vifua vya Wabolivia,

Marahaba, mama. Mimi mzima. Goti linalia kila mvua inapotaka kunyesha, limeipita redio kwa usahihi. Paka amezaa tena chini ya kitanda changu, watoto wanne, na hakuna hata mmoja anayefanana na dume la Zoila, kwa hiyo Zoila anapita barabarani kichwa juu kama aliyeshinda kesi. Wewe paka mafuta ya nguruwe midomoni. Nyinyi madaktari mnajua kila kitu isipokuwa mafuta ya nguruwe.

Picha imepigwa. Haya, furahi. Tulikwenda wawili, mimi na Evelio, tukapanda lori la abiria lililojaa vitunguu, tukafika Santa Clara tunanuka kama supu. Mashine yenyewe ni pete, kubwa kama gurudumu la trekta. Unalala kwenye ulimi wake, inakumeza mpaka kwapani, kisha inabadili mawazo inakutapika. Ndani kuna sauti ya mwanamke inayosema: vuta pumzi, shikilia, haya achia. Evelio anasema ni mwanamke wa kwanza maishani mwake aliyemwambia apumue. Yaani aliniambia mimi, Evelio akasikia.

Evelio hajambo. Unajua Yaima, mjukuu wake, anatimiza miaka kumi na mitano tarehe 18 Februari, na sherehe lazima iwe na gauni na keki na dansi ya binti na baba mbele ya wageni. Baba mwenyewe aliondoka kwa mtumbwi wa matairi kwenda Miami, na tangu hapo ameleta kadi moja yenye picha ya kasuku. Kwa hiyo babu ndiye atakayecheza. Kila jioni anafanya mazoezi uani na ufagio. Nimemwambia, "Evelio, ufagio ndio unaokuongoza wewe." Akanijibu, "Nicanor, hata Nieves ananiongoza, na hana mpini." Nieves akasikia. Tulikula chakula cha baridi siku hiyo, wote wawili.

Nimevuta biri mbili tu leo. Usiulize za jana. Evelio ananitazama kwa huruma yake ile ile ya siku zote, yeye msokota biri asiyewahi kuvuta hata moja, kituko cha kiwanda kizima.

Basi soma hicho kifua, uniambie ni kizuri, tuendelee na maisha.

Ni mimi baba yako,
Nicanor


Cochabamba, 24 Novemba 2011

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa. Kama umesimama, vuta kiti.

Nimesoma picha zako. Nilizisoma Jumapili, chumba kikiwa tupu, kisha nikazisoma tena Jumatatu pamoja na daktari mkubwa wa hapa bila kumwambia ni za nani. Tumeona kitu kimoja. Kwenye pafu la kulia, sehemu ya juu, kuna kinundu cha milimita kumi na moja. Ni kama punje ya mahindi. Kingo zake zina miiba miiba, na vinundu vya namna hiyo hatuvipendi.

Sasa nisikilize. Hii ni habari mbaya iliyokuja kwa wakati mzuri. Punje bado iko peke yake. Tezi za karibu ni safi, ini linaonekana safi. Ikikatwa sasa, kuna nafasi kubwa ya kupona kabisa. Lakini ni sasa, Baba, usingoje mpaka mvua ziishe. Kuna aina za saratani zinazotambaa na kuna zinazokimbia, na kwa picha moja hatuwezi kujua hii ni ipi. Ileana atakutumia kadi ya kukuita. Nenda siku hiyo hiyo.

Sehemu nyingine ya mapafu yako ni nzuri kuliko nilivyoogopa. Ningeapa ni ya mtu asiyevuta. Nililia kwa hilo, kwa furaha, katikati ya kulia kwa lile jingine. Hata ule ubavu uliovunja ulipoanguka kutoka kwenye banda la kukaushia tumbaku, niliutafuta nisione alama. Umepona vizuri ajabu.

Nimeomba ruhusa ya kuja nyumbani. Wamesema Julai, si kabla. Mwambie Mzee Evelio akusindikize. Wewe peke yako utateremka njiani uende kwenye mchezo wa besiboli. Nakupenda, mzee mkaidi.

Mwanao,
Odalys


Cochabamba, 9 Januari 2012

Baba,

Shikamoo. Heri ya Mwaka Mpya, kama inakufikia.

Rolando ameniapia kwamba barua yangu alikupa mkononi tarehe 15 Desemba, na kwamba uliisoma mbele yake ukaikunja mara nne. Tangu hapo, kimya. Nimepiga kwa Zoila mara sita. Mara uko kinyozi, mara uko mazishini, mara umelala. Jana Zoila alisahau kufunika simu nikakusikia ukisema, "Mwambie nimekwenda kuvua samaki." Camajuaní haina bahari, Baba! Samaki gani?

Ileana alimtuma muuguzi nyumbani. Anasema ulitokea dirishani ukamwambia kwamba Nicanor amehama.

Kama unaogopa kisu, sema unaogopa, hiyo siyo aibu. Kama hutaki kupasuliwa, niambie kwa maneno yako nijue. Lakini kila wiki unayojificha, ile punje haijifichi. Nasoma vifua vya watu kutwa, na katika kila kifua naona chako.

Niandikie. Hata matusi.

Odalys


Camajuaní, 2 Machi 2012

Mwanangu,

Hujambo? Sina haki ya kuuliza, lakini nauliza. Huku hali si nzuri, nami ndiye niliyeiharibu. Nitaandika moja kwa moja, maana nikianza mizaha sitafika.

Kifua ulichokisoma si changu. Ni cha Evelio.

Wewe ulikuwa ukija mdogo kwenye ule ukumbi wa kiwanda tulimosokota biri, unapewa peremende na msomaji aliyetusomea magazeti, labda hukuona jinsi siku ilivyoanza. Kila asubuhi msimamizi alisimama na karatasi yake, akaita majina. Evelio akiwa amekwenda kumwangalia mama yake mgonjwa, mimi niliitikia "Nipo!" kwa sauti yangu, jina lake likifika nikaitikia "Nipo!" kwa sauti yake ya puani, na kutwa nzima nikasokota biri za meza mbili. Mimi nikiwa besiboli, au nimelala na pombe ya harusi, aliitikia yeye. Miaka thelathini na minane. Ukumbi mzima ulifanya hivyo. Msimamizi alijua, akatazama dari. Hatukuuona kuwa ni uongo. Mtu asiye na wa kumwitikia ndiye tuliyemwonea huruma.

Basi barua yako ilipokuja nilifikiri kama mtu wa ukumbini. Ile mashine niliiogopa hata kabla sijaiona, nakiri, ilinikumbusha jeneza lisilo na kifuniko. Nikamtazama Evelio, mtu asiyevuta, nikasema moyoni: huyu ana mapafu kama ya mtoto mchanga. Akalale yeye. Picha itoke safi, Odalys afurahi kule baridini, nami niendelee na biri zangu bila kuhubiriwa. Nilitaka kukupa zawadi, mama. Mapafu safi yenye jina langu juu yake.

Evelio alicheka mpaka akashika ukuta. "Na wakinikuta na mimba, Nicanor?" Nikamwambia, "Tutampa mtoto jina langu." Kwenye kitambulisho changu picha imefifia, yanaonekana masharubu tu, na masharubu tunayo wote. Wakaita, "Nicanor Pedraza!" Akaitikia.

Ubavu wangu haukupona vizuri, mwanangu. Mpaka leo umekaa kama bawaba iliyolegea. Nilipofika kwenye ule mstari wako ndipo nilipoikunja barua, mbele ya Rolando.

Na kuna jambo jingine silali kwa ajili yake. Kila siku kiwandani tulipewa biri zetu za kuvuta. Za Evelio alinipa mimi. Nilivuta zangu na zake, nimekaa nusu mita kutoka puani pake, miaka yote hiyo. Tafadhali usinijibu kama daktari juu ya hili.

Utauliza kwa nini sikumwambia Desemba. Nilikusudia. Siku mbili za kwanza sikuamini. Kisha nikasema, ni Krismasi, mwache ale nguruwe wake kwa raha. Kisha Mwaka Mpya. Kisha nikaikumbuka dansi ya Yaima, nikasema, nikimwambia sasa atalazwa, na mtoto atacheza na nani? Kila siku nilimpa siku moja ya furaha, ndivyo nilivyojidanganya. Chini ya hayo yote kulikuwa na woga wa kawaida kabisa. Nilikuogopa wewe. Nilimwogopa Ileana, aliyeniweka kwenye orodha kwa heshima yako. Nilimwogopa Evelio kwa mara ya kwanza maishani.

Alicheza, Odalys. Suti ya kuazima, mikono mifupi, uso kama wa jenerali. Hakukosea hatua hata moja. Wakati watu wanapiga makofi aliinama akashika magoti, akakohoa, nami pale nikajua kwamba nimechezea kitu ambacho si changu.

Nilimwambia Jumapili iliyopita, kwenye meza ya domino. Alizitazama kete zake muda mrefu. Akasema, "Zamu yako." Nikaweka kete, sijui ipi. Akauliza, "Barua imekuja lini?" Na hapo, mwanangu, nikasema, "Juzi."

Ndiyo. Nilidanganya tena. Mdomo ulikwenda wenyewe.

Akasema, "Kwa hiyo bila ujinga wako nisingejua kabisa." Akainuka, akanishika kichwa kwa mikono miwili kama padri, akanishukuru.

Jumatatu tunakwenda kwa Ileana. Nitamwambia yote. Wewe niambie la kufanya, nitafanya.

Baba


Cochabamba, 21 Machi 2012

Baba,

Nimezungumza na Ileana. Evelio apigwe picha upya, apimwe nyama ya kile kinundu, na ini, na mifupa. Kila kadi ya miadi watakayokupa, mpeleke siku hiyo hiyo. Usingoje lori la abiria. Muombe Zoila, mwanawe ana gari. Ileana amebeba lawama mbele ya wakubwa wake kwa sababu jina na mtu havikulingana. Hajanilalamikia, na kimya chake hicho ndicho kinachoniuma.

Juu ya moshi, hutaki jibu la daktari. Sitakupa.

Juu ya ubavu, mimi pia nina kosa langu. Niliutafuta nisiuone, nikasema umepona. Daktari angesimama pale pale akauliza, huyu ni nani? Binti alifurahi akapita. Ningeuliza Novemba, Evelio angekuwa mezani kwa daktari wa upasuaji Desemba.

Juu ya ile "juzi" yako sina la kuandika leo.

Odalys


Camajuaní, 22 Mei 2012

Mwanangu Odalys,

Natumaini u mzima. Hukunisalimu kwenye barua yako, na sikuulizi. Mimi nakusalimu.

Ileana lazima amekwisha kukueleza kwa lugha yenu. Mimi nakueleza kwa yetu. Punje ya mahindi imekuwa limau, na imezaa kwenye ini. Yule daktari wa upasuaji, kijana mwenye mikono mizuri kama ya msokota biri, aliweka picha mbili ukutani, ya Oktoba na ya Aprili. Hata mimi niliyeacha shule darasa la nne nilizisoma. Alisema hawatamkata, watampa dawa ya kuingizwa mishipani, huenda ikampa miezi.

Evelio akauliza, "Ile ya kwanza ya lini?" Daktari akasema, "Oktoba." Evelio akasema, "Posta ya Bolivia inatembea kwa punda, daktari." Akanitazama akacheka. Nilicheka naye. Sijawahi kufanya kitu kigumu namna ile.

Nywele zimekwenda, masharubu yamekwenda. Nilinyoa yangu pia, tukae sawa. Nieves akasema, "Sasa nina mayai mawili nyumbani, na yote viza." Bado anatania, yule mama. Anamkandia ndizi kwa uma, anampulizia, na mimi ananimiminia kahawa, kila mara ananiambia, "Mungu akulipe, Nicanor, wewe na yule binti yako. Bila nyinyi tungejua lini?" Kahawa naiacha ipoe.

Kuna jambo ambalo Ileana huenda hajakuambia, kwa kuwa nilimwomba asiseme. Siku ile ya picha mpya ya Evelio, Ileana alinishika mkono akanilaza na mimi kwenye ile pete. Sikubisha. Nililala humo nikaomba, nakuambia kweli, niliomba kikutwe kitu. Kikubwa hata. Alisoma mwenyewe. Akasema yamechakaa, yana makovu, yako kama gunia la zamani, lakini hayana kinundu. Hakuna hata punje ya mtama. Nikamwambia, "Angalia tena, daktari." Akaangalia tena.

Miaka hamsini ya moshi, Odalys. Hakuna kitu.

Sijavuta tangu siku ile. Wala sioni nimefanya jambo.

Julai uje. Anakuulizia kila siku. Anasema wewe ndiye uliyemwokoa.

Baba yako


Cochabamba, 2 Septemba 2012

Baba,

Nimefika salama. Ndege ilichelewa Havana siku nzima, nikakaa uwanjani na ile blauzi ya mazishi, sikuwa na nyingine safi.

Kituo cha basi sikuweza kusema haya, na wewe ulikuwa unatania sana ili nisiyaseme.

Kwa wiki nne nilikaa kando ya kitanda cha Mzee Evelio. Wewe ulikuwa unaingia asubuhi, unatoa utani wako, unatoka. Mimi nilikuwa pale mchana wote. Alitaka kuzungumza juu ya ile picha. Alikuwa mtu wa kupenda kujua vitu vinavyofanya kazi. Aliniuliza mashine inaonaje ndani ya mtu bila kumfungua, nikamchorea kwenye mfuko wa dawa. Siku tano kabla ya kufa aliniuliza, "Binti yangu, kama barua ingekuja mapema kidogo, ingesaidia?" Nilijua anauliza nini. Nadhani alikuwa ameanza kuhesabu. Na mimi, daktari, mtoto aliyemshika kichwani akibatizwa, nilimshika mkono nikamwambia, "Hapana, Mzee wangu. Ilikuja kwa wakati wake."

Nilidanganya kwa ajili yako. Niliona uso wake ukitulia, na nilikuchukia saa ile kwa kuwa uongo wako ulifanya kazi vizuri hivyo.

Ukweli ninaoujua ni mdogo. Ilikuwa aina inayokimbia. Labda hata Desemba tungekuwa tumechelewa. Labda tusingechelewa, na angekuwa sasa hivi uani kwake ananyoosha waya wa kuku. Sitajua, wala wewe, wala Nieves. Ulichotunyang'anya ni hicho, Baba, pamoja na yeye.

Mama Nieves alinikumbatia kituo cha basi akanipa mtungi wa mapera yaliyopikwa, "kwa ajili ya yote mliyotufanyia." Nimeuweka mezani. Sijaufungua, siwezi.

Usiniandikie mpaka umwambie. Si kwa mafumbo, na si siku atakapokuwa ameudhika kwa jambo jingine. Mwambie tarehe. Ukishamwambia, andika. Kama hutamwambia, usiandike. Nitapiga kwa Zoila kila mwezi kuuliza kama u hai, hilo tu.

Odalys


Camajuaní, 12 Novemba 2012

Mwanangu Odalys,

Ukiona barua hii ujue nimemwambia. Sikutaka uisome yote huku unangoja, ndiyo maana nimeliweka hilo mbele. Sasa salamu. Mimi nipo. Natumaini midomo yako imepona.

Nilichelewa, unajua nilivyo. Septemba nilikwenda kwake mara tatu nikarudi. Mara ya kwanza alikuwa anapanga shati za Evelio, akanipa mbili. Mara ya pili Yaima alikuwepo. Mara ya tatu sikuwa na sababu, nilisimama tu mlangoni nikamwuliza bei ya mayai, na kuku ninao. Oktoba yote sikwenda. Nilimwambia nina mafua.

Jumamosi alikuja yeye, na supu, kwa ajili ya mafua hayo. Akaketi jikoni kwangu, akaanza, "Mungu akulipe, Nicanor." Nikamwambia, "Nieves, acha. Usiseme tena hilo." Nikaenda kwenye mtungi wa chumvi ninamoweka makaratasi, nikatoa barua yako ya Novemba mwaka jana, ile yenye punje ya mahindi. Nikampa. Macho yake hayasomi vizuri siku hizi, kwa hiyo nilimsomea mwenyewe, polepole, tarehe kwanza. Kisha nikamwambia Rolando alinipa lini. Tarehe kumi na tano Desemba. Na Evelio nilimwambia lini. Tarehe ishirini na sita Februari. Nilizitaja kama ulivyosema.

Hakulia. Alikaa akazungusha kijiko kwenye supu yangu. Akasema, "Desemba alipaka chokaa nyumba nzima." Akasema, "Januari alichimba shimo la choo kipya, na wewe ulimshikia kamba." Ni kweli, nilimshikia. Akasema, "Februari alicheza." Akahesabu hivyo, si kwa hasira, kama mtu anayetafuta ufunguo aliouangusha njiani, anarudi hatua kwa hatua.

Kisha akauliza, "Yeye alijua?"

"Hakujua. Nilimwambia imekuja juzi."

"Kwa hiyo amekufa anakushukuru."

"Ndiyo, Nieves."

"Na mimi nimekushukuru."

"Ndiyo."

Aliinuka. Bakuli la supu hakulichukua. Mlangoni aligeuka, nikadhani atanitukana, na niliyangoja matusi hayo kama mvua. Akasema tu, "Ungenipa mimi, Nicanor. Kama wewe ulishindwa kumwambia, ungenipa mimi ile barua." Hilo, mwanangu, katika miezi yote ile halikunipita akilini hata mara moja. Mlango wa tatu kutoka kwangu. Nieves, ambaye angemshika Evelio sikio akampeleka Santa Clara siku hiyo hiyo, kwa miguu.

Siku iliyofuata, asubuhi, nilisikia nyundo. Nyuma ya ua wangu, wa bibi Zoila na wa kina Nieves kuna njia, na mwisho wake kuna uwazi kwenye uzio wao, ubao mmoja ulioondolewa miaka mingi ili tusizunguke barabarani. Nilikwenda kuangalia. Nieves alikuwa amepata ubao, na misumari ya zamani iliyopinda, na alikuwa anapigilia peke yake. Miaka sitini na tisa. Ubao unacheza, msumari unaruka, anaokota, anaanza tena. Alishaumia kidole.

Nilisimama upande wangu. Aliniona kupitia ule uwazi. Hakuniambia niondoke wala nisogee. Nilingoja kidogo, kisha nikaweka mikono miwili juu ya ubao, nikaukandamiza usitikisike.

Akapigilia. Msumari wa kwanza juu, wa pili juu, kisha akainama akapigilia ya chini. Kila pigo lililia mikononi mwangu mpaka kwenye ule ubavu. Ubao ulipokuwa imara kabisa nilisikia akikusanya misumari iliyobaki, akaingia ndani.

Mikono yangu niliiacha pale kwa muda.

Baba yako